Majina Yako Wapi?

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na viongozi wa dini huwaombea marehemu. Naiheshimu sana shughuli hiyo, lakini kila mwaka hunijia swali lilelile: tunamkumbuka nani hasa, na alikuwa akiitwa nani?

Mnara wa Askari wa Dar es Salaam ulizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo kabla ya Waingereza palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi ya mnara huo yanawataja askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeuzunguka mnara ule nikisoma kila upande, na sikuona jina la askari wala mpagazi hata mmoja.

Wapagazi ndio wanaoniuma zaidi. Wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu, wakabebeshwa risasi, chakula na majeruhi katika vita isiyokuwa yao. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliomalizwa na kuhara, malaria na njaa. Mtu aliyekulia ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, tena bila muda wala kuni za kutosha za kuuivisha. Tumbo likaharibika, na alfajiri mzigo ukawa unamngoja vilevile. Waliowabebea Wajerumani walipata mateso hayohayo, na mnara ule hauwahusu kabisa.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo inaonyesha hata kwamba utawala wa kikoloni wa Tanganyika uliona heri makaburi ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori.

Uamuzi huo ulikuwa wa wakoloni. Kuendelea nao miaka yote hii ya uhuru ni uamuzi wetu. Kule Kaboya, mkoani Kagera, askari wetu waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin wamezikwa kwa heshima na makaburi yao yanatunzwa, kwa hiyo kukumbuka tunakujua. Wapo watakaosema kwamba wapagazi walimtumikia mfalme wa kigeni. Sikubaliani nao, kwa sababu mtu aliyeburutwa kutoka shambani kwake hakuchagua mfalme, na aliyemlilia hakuwa mfalme bali mama yake.

Naomba vyuo vikuu na wahifadhi wa nyaraka za Taifa waanze kukusanya majina, wilaya kwa wilaya, kutoka katika orodha za jeshi, kumbukumbu za misheni na vinywa vya wazee wa koo, na yale yatakayopatikana yasomwe kwa sauti tarehe 25 Julai, kabla ya mkuki na ngao kuwekwa.