Mchanga Mpya Juu ya Sarafu za Kale: Siku Yangu Kwenye Benchi la Ditekta

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mlolongo huamshwa na malori. Nikifika stejini kungoja matatu ya mjini, malori ya mchanga kutoka pande za Machakos na Makueni yanakuwa yameshaanza kupita Barabara ya Mombasa, turubai juu, maji yakichuruzika nyuma. Kazi yangu ni kutengeneza ditekta, zile mashine za kugundua metali, na kila nikiona mchanga ukisafirishwa huuliza swali lile lile: umetolewa wapi, unakwenda kumwagwa wapi, na ulikuwa umefunika nini?

Saa mbili kasoro

Nafungua mlango. Chumba changu kiko ghorofani, karibu na Luthuli Avenue, mtaa ambao ukikosa kipuri cha elektroniki huko, huenda hakipo Nairobi. Wateja wangu wengi ni watafuta dhahabu wa Migori na Kakamega. Wengine ni kampuni za ulinzi zenye vile vigunduzi vidogo vya kupekulia watu mlangoni. Watu wa ufukweni ni wachache sana, lakini mashine zao ndizo huziweka mbele ya foleni, nami nakiri wazi kwamba nawapendelea.

Ya leo ni ya mzee mmoja wa Mambrui, kaskazini ya Malindi. Alikuwa baharia, sasa wageni na wenye nyumba za ufukweni humwita wakipoteza pete au funguo mchangani. Ameandika kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kikasha: "Mchanga mkavu sawa. Mchanga majimaji inalia hovyo."

Saa tatu

Kulia hovyo kwenye mchanga majimaji si lazima kuwe ugonjwa. Ditekta hupeleka mkondo wa umeme kwenye koili, ile sahani ya duara iliyo chini ya mpini. Mkondo huo huzaa uga wa sumaku unaopenya mchangani. Ukikuta metali, metali nayo huzalisha uga wake mdogo, na koili huusikia. Shida ni kwamba maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Mashine ya masafa mamoja, yaani ile inayotetemesha umeme wake kwa kasi moja tu, ikikanyaga mchanga uliolowa chumvi huona ufuo mzima kama metali. Tena pwani yetu ina mchanga mweusi wenye madini mazito, ambayo nayo huipumbaza. Ndiyo maana mashine za ufukweni hutumia masafa kadhaa kwa wakati mmoja, au hupiga mapigo mafupi ya umeme kisha kusikiliza mwangwi wake unavyofifia.

Ya mzee ni ya masafa mengi, kwa hiyo haikupaswa kulia. Nafungua sanduku la koili na kukuta ukungu wa kijani kwenye maungio. Chumvi imepenya kupitia ufa usioonekana vizuri kwa jicho. Nasafisha kwa spiriti, nakata nyaya zilizoliwa, nalehemu upya, halafu nauziba ufa kwa gundi ya epoksi. Gundi hiyo haitaki haraka. Itakauka hadi jioni.

Saa nne na robo

Nampigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wangu yu hali gani?"

Namweleza. Anafurahi, kisha anageukia habari anayoipenda kuliko zote, bahari. Ananiambia kwamba Malindi mjini maji yamekimbia. Mahali alipofunga mashua akiwa kijana, leo unatembea kwa miguu mchangani mwendo mzuri kabla ya kulowa.

Hili si la mzee peke yake. Ghuba ya Malindi imekuwa ikipokea mchanga na udongo wa mto Sabaki kwa miaka mingi, na ufuo umepanuka. Na Sabaki ni nani? Ni Galana, na Galana ni Athi, na Mto Nairobi unaopita hapa chini ya Barabara ya Kirinyaga, dakika chache kutoka kwenye benchi langu, humwaga maji yake ndani ya Athi. Udongo unaong'oka kwenye mashamba ya Ukambani na kingo za mito yetu huishia pale. Kaskazi inapovuma, maji ya kahawia huelekea kusini, kwenye matumbawe ya Malindi. Kusi ikishika, huelekea kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni.

Na hapo Ngomeni, chini ya maji yasiyo na kina kirefu, kuna mabaki ya meli ya Wareno wa karne ya 16. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kupitia mwanaakiolojia wake wa majini Caesar Bita, wameyachunguza pamoja na wenzao kutoka nje. Zimeonekana vipande vya shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024 watafiti waliandika kwamba huenda ni São Jorge, meli ya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama, iliyopotea mwaka 1524. Huenda, haijathibitishwa. Sisi watu wa Nairobi tunapenda kudhani kwamba mambo ya pwani ni ya pwani. Mchanga wetu ndio unaoshuka kwenda huko.

Mzee ananiuliza kama mashine ikipona itaweza kufika chini ya mchanga huo mpya. Namwambia ukweli: sarafu moja, kwa mashine nzuri na mchanga tulivu, utaisikia sentimita 20, labda 30. Zaidi ya hapo ni bahati, au kitu kikubwa.

Saa saba

Chapati kwa madondo pale kibandani, chai ya rangi, na kurudi.

Saa tisa alasiri

Simu inatetemeka. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu yangu, muuguzi anayeishi Florida, Marekani. Kwake ni saa moja asubuhi, ametoka zamu ya usiku na amepitia ufukweni na ditekta yake kabla ya kwenda kulala. Nyuma ya sauti yake nasikia injini. "Dadangu, wameleta malori tena. Wanamwaga mchanga kutoka machimbo ya bara, ufuo wote umeinuka. Mashine iko kimya kabisa. Imeharibika ama ni mimi?"

Haijaharibika. Binamu anatembea kwenye mojawapo ya fukwe zenye historia nzito kuliko zote duniani kwa watu wa kazi hii. Mwezi Julai 1715 msafara wa meli za Hispania uliondoka Havana ukiwa umesheheni fedha na dhahabu za makoloni ya Amerika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 kimbunga kikaupiga kwenye pwani ya mashariki ya Florida, na meli 11 kati ya 12 zikavunjika. Watu takriban elfu moja walikufa. Pwani hiyo leo inaitwa Pwani ya Hazina, na kila dhoruba kubwa inapokula ufuo hutokea sarafu: vipande vya fedha vilivyokatwa kwa patasi, vimegeuka vyeusi kwa chumvi, ambavyo mpita njia angevidhani ni vigae.

Kwa hiyo wawindaji wa hazina pale husubiri dhoruba. Dhoruba za kaskazini-mashariki za majira ya baridi, na vimbunga kama Frances na Jeanne vya Septemba 2004, au Nicole cha Novemba 2022, hukwangua mchanga wa juu hadi kwenye tabaka gumu la zamani ambako vitu vizito vimetua. Wakati huo huo, dhoruba hizo hizo zinahatarisha nyumba na barabara, na kaunti inalazimika kurudisha mchanga. Kwa sababu kasa hutaga mayai pale kuanzia Machi hadi Oktoba, kazi ya kujaza ufuo hufanywa zaidi miezi ya baridi. Yaani msimu ambao bahari ingefunua ndio msimu ambao malori yanafunika. Tabaka jipya linaweza kufika mita moja na zaidi. Ditekta ya sentimita 30 itasikia nini hapo? Itasikia vifuniko vya chupa vilivyoangushwa juzi.

Wenzake binamu wanalalamika sana. Wanasema serikali inazika historia. Mimi, ambaye nakula kwa mashine hizi, siko upande wao. Mchanga unaomwagwa juu ya sarafu hauiondoi mahali pake. Unaiwekea mfuniko. Mbao za meli huliwa na minyoo wa majini pale zinapokuwa wazi. Zikifunikwa na tope au mchanga usio na hewa, hudumu karne nyingi. Tunayo mifano yetu Mombasa: Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Wanaakiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980 na kukuta sehemu kubwa ya kiunzi bado ipo, kwa sababu ya tope lililoilalia. Vyombo vyake viko kwenye makumbusho ya ngome.

Saa kumi na nusu

Anaingia mteja niliyemtarajia, mhandisi kijana anayefanya tathmini za mazingira. Anataka kukodisha ditekta. Mwenye hoteli fulani pwani anaona ufuo wake unaliwa, na anafikiria kuleta mchanga wa kunyonywa kutoka baharini.

Hapa moyo wangu hupanda. Namwambia akae.

"Fundi, nilitaka tu mashine ya kupima ufuo."

"Utapima ufuo, sawa. Na kule mchanga utakakonyonywa, utapima kwa kifaa gani?"

Kimya. Ndipo namweleza ninachoamini kwa dhati: kumwaga mchanga ni hatari ndogo, kuchota ndiko hatari kubwa. Mwaka 2007, huko Surf City, jimbo la New Jersey, ufuo ulijazwa mchanga ulionyonywa baharini. Muda si muda watu wakaanza kuokota vilipuzi vya kijeshi vya zama za Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyokuwa vimetupwa baharini zamani. Zaidi ya vipande elfu moja. Watu wa ditekta wakapigwa marufuku, na baadaye meli za kunyonya zikawekewa vichujio mdomoni. Uholanzi nako, mwaka 2011 walimwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga kujenga kile wanachokiita Zandmotor, rasi ya mchanga inayosambazwa na mawimbi. Tangu hapo watu wanaotembea pale huokota mifupa ya mamothi, wale ndovu wa kale wenye manyoya, na hata kifaa cha jiwe cha Neanderthal, binadamu wa kale aliyetoweka, chenye lami ya mti wa betula. Ni ajabu tamu kuisoma. Lakini kila kifaa kile kilikuwa kimelala mahali fulani chini ya bahari, pamoja na vingine, kwa mpangilio uliokuwa ukieleza jambo. Pampu iliuvuruga mpangilio huo kabla ya mtu yeyote kuuona.

Mambrui kwenyewe ndiko mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walipopata sarafu ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala hadi 1424. Ilizungumza kwa sababu ilitoka kwenye shimo la uchimbaji, tabaka lake likijulikana. Ingekuwa mfukoni mwa mtu, ingekuwa kipande cha metali chenye tundu.

"Sasa nifanyeje?" anauliza mhandisi.

Namweleza kwamba ditekta yangu haifai kwa sakafu ya bahari. Eneo la kuchota hupimwa kwa magnetomita inayokokotwa na boti, ambayo huhisi chuma kilichozikwa, na kwa sona inayochora sakafu kwa mwangwi wa sauti. Penye dalili, pampu hukaa mbali. Na kabla ya yote azungumze na Makumbusho ya Taifa, kwani Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kutafuta mali ya kale bila leseni, na anayeikuta hutakiwa kutoa taarifa. Anaandika yote. Ameondoka bila ditekta. Nimepoteza kodi ya leo na sioni hasara.

Saa kumi na mbili na nusu

Gundi imekauka. Naitumbukiza koili kwenye beseni la maji ya chumvi na kupitisha shilingi ishirini juu yake. Mlio mmoja, safi. Naiondoa sarafu: kimya. Najaribu tena na pete, tena na msumari wenye kutu. Imepona.

Namrudishia binamu ujumbe. Mashine yako ni nzima. Usihangaike na mchanga mpya; nenda pale malori yalipoishia, kwenye mpaka wa mchanga mpya na wa zamani, au subiri dhoruba ikate ukingo, utafute kwenye shina lake. Usiingie nayo majini, kwani huko kwenye mabaki ya meli kuna vibali na wenye vibali. Na ukipata kitu, piga picha kikiwa bado kimelala, na alama ya mahali, kabla ya kukigusa. Namkumbusha pia kisa cha mwaka 2024, maafisa wa Florida walipotangaza kuzipata sarafu 37 za dhahabu kati ya 50 zilizoibwa mwaka 2015 kutoka mabaki hayo ya msafara wa 1715. Dhahabu imerudi, lakini sarafu iliyopita mikono ya siri, nani atasema kwa uhakika ililala wapi?

Saa mbili usiku

Nafunga kikasha cha mzee na kukipeleka ofisi ya mabasi ya usiku, River Road. Ndani nimetia karatasi: suuza koili kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, ukisikia mlio karibu na mbao nzee au vigae vya kauri, usichimbe, weka alama, waambie watu wa Makumbusho pale Malindi.

Nampigia kumpa namba ya mzigo. Anauliza basi litafika saa ngapi, maana kesho ni bamvua na maji yatakupwa sana.

"Alfajiri, mzee. Utawahi."