Taa za dagaa na fotoni isiyo tupu

Mangapwani, usiku wa giza.

Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa baharini. Mwanga wa mashua hii unakatana na wa ile, kisha kila mmoja unashika njia yake kama vile haukupishana na kitu. Kwa taa, ndivyo: nishati ya fotoni zake, yaani chembe za mwanga, ni ndogo mno. Ipandishe hadi GeV kadhaa (GeV moja ni elektronivolti bilioni), mambo ni mengine. Fotoni hujigeuza kwa kitambo kuwa jozi ya kwaki (chembe zinazojenga protoni) na antikwaki, au mesoni ya rho, chembe ya jozi kama hiyo, yenye masi ya karibu GeV 0.77. Ikiwa na GeV 10, hali hiyo hudumu umbali wa femtomita 6.6 hivi, zaidi ya mara tatu ya upana wa protoni. Fotoni ya pili ikija wakati huo, huikuta imeshavaa mwilini nguvu kali, ile inayofunga kwaki pamoja.

Mwaka 1977 mwanafizikia Edward Witten alionyesha kwamba, Q² (kipimo cha ukali wa fotoni inayoichungulia nyingine) ikiwa kubwa, muundo wa fotoni hukokotolewa kutoka kwenye nadharia ya nguvu kali yenyewe, na hukua kwa logi ya Q². Kwa protoni lazima kwanza uazime umbo lililopimwa. Hapa kila kwaki huhesabiwa kwa chaji yake kipeo cha nne, kwa hiyo kwaki ya u, yenye chaji 2/3, ina uzito mara 16 ya ile ya d, yenye chaji 1/3. Ila x, yaani sehemu ya mwendo wa fotoni iliyobebwa na kwaki iliyogongwa, ikiwa ndogo usiitegemee hesabu hiyo peke yake: sehemu ya rho bado imo, na ukizijumlisha bila kuweka mpaka utahesabu kitu kimoja mara mbili.

Lakini tabu kubwa, kwa maoni yangu, haiko kwenye nadharia. Iko kwenye W, masi ya pamoja ya hadroni zote (chembe zilizoundwa na kwaki) zilizozaliwa fotoni mbili zilipogongana.

Chukua miale ya GeV 45.6 ya LEP, mashine ya CERN iliyogonganisha elektroni na positroni. Elektroni iliyotoa fotoni ya kuchungulia imenaswa ikiwa na GeV 40 kwa pembe ya miliradiani 40. Q² ni 45.6 × 40 × 0.04², yaani karibu GeV² 2.9. Hiyo ni safi. Sasa x = Q²/(Q² + W²). Tuseme W ya kweli ni GeV 10: x ni 0.028. Hadroni zinazokwenda sambamba na miale hupenya ndani ya bomba, kama dagaa wadogo kwenye tundu za wavu, na kigunduzi kikaona GeV 7 tu. x inaruka hadi 0.056, maradufu!

Huwezi kuzidisha kwa namba moja ukamaliza, maana kilichopotea hutegemea namna hadroni zilivyotawanyika, na mtawanyiko huo unatoka kwenye modeli ya kompyuta. Modeli mbili, majibu mawili. Kinachosaidia ni vigunduzi vya karibu na bomba, hata kama vinapima nishati kwa ukungu, na kulinganisha mtiririko wa nishati kwa pembe kabla ya kuigusa x. Mchoro wa x ndogo usio na mlinganisho huo naupita tu.