Mguu Namba 4 wa MCP4728

Kwa wiki mbili za mwezi wa Julai, msimu ambao wingu la Meru huweza kukaa juu yetu mpaka saa tano asubuhi, nilikuwa nikienda na kurudi kati ya meza yangu ya kazi hapa Njiro na kitalu nyumba kimoja cha Usa River, nikitafuta hitilafu ambayo mezani kwangu haikuonekana hata mara moja. Mwenye kitalu ni mama anayeotesha miche ya nyanya na pilipili hoho. Alikuwa amenipa kazi ya kuongoza mistari minne ya taa, kila mstari ung'ae kwa kiwango chake, kwa kuwa miche iliyochipua juzi na miche iliyo tayari kwenda shambani haihitaji mwanga ulio sawa. Taa zake huongezwa na kupunguzwa mwanga kwa volti kati ya 0 na 10. Nilizifunga, nikazijaribu, nikaondoka. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Mwanangu, taa zako hazinisikii. Naziamuru asubuhi, hazigeuki. Nikiwasha pampu ya maji ndipo zinatii."

Maneno hayo yalikuwa sahihi kuliko nilivyoyapa uzito siku ile, na ningeyasikiliza vizuri ningeokoa wiki moja nzima.

Chipu niliyoitumia ni MCP4728 ya Microchip. Kazi yake ni kupokea namba kutoka kwenye mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo inayoendesha programu, na kutoa volti, na hufanya hivyo kwa njia nne zinazojitegemea, kila njia ikiwa na biti 12, yaani ngazi 4096. Ina miguu 10 tu, mitano kila upande, na mwili wake una upana wa milimita 3, kwa hiyo niliilehemu kwenye kibao kidogo cha kupanulia miguu kabla ya kuiweka kwenye saketi. Miguu minne, kuanzia wa 6 hadi wa 9, ndiyo inayotoa volti, na ndiyo ambayo kila mtu huitazama kwanza. Mimi pia niliitazama hiyo kwanza. Nilipima kila mmoja kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, nikaona namba 2000 inatoa volti 2, namba 3000 inatoa volti 3, nikaridhika.

Mguu wa 4 unaitwa LDAC, na juu ya jina lake kuna kistari kinachoonyesha kwamba kazi yake hufanyika pale unaposhushwa hadi volti sifuri. Ili kuuelewa mguu huu ni lazima ujue kwamba ndani ya chipu kila njia ina rejista mbili, yaani vihifadhi vidogo vya namba: ya kwanza hupokea namba unayoituma, na ya pili ndiyo inayoamua volti inayotoka. Namba inaweza kufika salama katika rejista ya kwanza na kukaa hapo bila kuathiri chochote nje. LDAC inaposhuka kutoka juu kwenda chini, namba zote nne huvuka kwa pamoja, na volti nne hubadilika kwa wakati mmoja. Ukiifunga moja kwa moja kwenye ardhi, yaani upande wa volti sifuri wa saketi, kila namba huvuka mara tu inapopokelewa. Ukiishikilia juu, namba husubiri.

Mimi sikuifunga kwenye ardhi wala sikuishikilia juu. Niliiacha hewani, kwa kudhani kwamba mguu nisioutumia hauwezi kunidhuru. Mezani, karibu na mkono wangu na kwa waya fupi, mguu huo ulibahatika kusomeka chini na kila kitu kikaenda vizuri. Kule kitaluni, mara nyingi ulisomeka juu, na amri za mama zikawa zinapokelewa na kusubiri. Pampu ilipowashwa, mtikisiko wa umeme uliopita kwenye waya ulitosha kuuyumbisha mguu usio na mwenyewe, ukashuka kwa kitambo kidogo, na amri ya asubuhi ikatekelezwa mchana.

Niligundua hilo kwa namna ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kisanduku, ncha nyeusi ya multimita ikiwa kwenye ardhi, na nilikuwa napitisha ncha nyekundu mguu baada ya mguu. Mguu wa 1, volti 5. Wa 2 na wa 3, sawa. Nilipogusa wa 4, mistari yote minne ya taa ikabadilika mwanga papo hapo. Nikainua ncha, nikatuma amri mpya, taa zikakaa kimya. Nikagusa tena, zikabadilika tena. Multimita ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi, kiasi ambacho kwa saketi ya kawaida ni kama hakuna, lakini kwa mguu wa kupokea ulioachwa hewani kilitosha kuuvuta hadi chini. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya mbolea. Akasema tu, "Ndiyo hivyo hivyo pampu inavyofanya."

Dawa yake ilikuwa rezista moja ya kiloomu 10 kutoka mguu wa 4 hadi VDD, mguu unaoingiza umeme wa chipu, pamoja na waya mmoja kutoka kwenye mikrokontrola wa kuushusha mguu huo ninapotaka. Kwa taa peke yake ningeweza kuufunga kwenye ardhi nikamaliza, kwa sababu kutuma namba zote nne kwa mwendo wa biti 100,000 kwa sekunde huchukua chini ya milisekunde 1, na hakuna jicho litakaloona mstari mmoja ukitangulia mwingine. Nilichagua njia ndefu kwa sababu ya pampu, ambayo mtikisiko wake unaweza kuharibu namba njiani. Chipu hii hukuruhusu kusoma ulichoandika, kwa hiyo sasa programu hutuma namba nne, huzisoma tena, huzilinganisha, na zikiwa sawa ndipo hushusha LDAC. Namba iliyoharibika njiani haifiki kwenye taa.

Mguu wa 5, RDY/BSY, ni jirani wa huo na unafanana nao kwa jinsi unavyopuuzwa, ila wenyewe ukiachwa hewani hauna madhara, kwa kuwa ni wa kutoa taarifa na si wa kupokea. Ukitaka kuusoma, uwekee rezista ya kiloomu 100 kwenda VDD. Unakaa chini wakati chipu inaandika kwenye kumbukumbu yake ya kudumu, kazi inayoweza kufikia milisekunde 50, na katika muda huo amri mpya ya kuandika haipokelewi. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonifanya niipende chipu hii kwa mazingira yetu: umeme ukikatika na kurudi, volti nne hurejea katika viwango vilivyohifadhiwa kabla hata programu haijaanza kukimbia, na miche haikai gizani ikisubiri. Lakini isitumiwe kiholela. Uhai wake ni maandiko milioni 1 hivi, na programu inayohifadhi kila sekunde itaumaliza kwa siku 12. Yangu huhifadhi pale tu mama anapobadilisha kiwango kwa mkono.

VDD, mguu wa 1, ninaupa heshima ya pekee kwa sababu unaweza kubeba kazi mbili. Ni chakula cha chipu, kati ya volti 2.7 na 5.5, na pia unaweza kuwa kipimo ambacho volti zote zinakatwa kutoka kwake. Ukiuchagua kuwa kipimo, kila kuyumba kwa chanzo cha umeme kutatokea kwenye miguu minne ya kutoa: chanzo kikishuka kutoka volti 5 hadi 4.9, kila njia inashuka kwa asilimia 2. Niliukataa. Ndani ya chipu kuna kipimo kingine cha volti 2.048, na ukikizidisha mara mbili unapata 4.096, ambapo kila ngazi ni milivolti 1 kamili. Volti hizo nikazipitisha kwenye LM324, ambayo ina vikuzaji vinne katika mwili mmoja, kila kimoja kikizidisha mara 2.5. Namba 4000 ikawa volti 10. Hesabu hiyo hata kijana anayejifunza kwangu huifanya kichwani.

VSS, ardhi, ni mguu wa 10, nao unatazamana na wa 1, kwa hiyo kapasita ya maikrofaradi 0.1 inalala vizuri juu ya kichwa cha chipu, ikisaidiwa na nyingine ya maikrofaradi 10. Waya wa ardhi wa pampu usipite hapo kabisa.

Miguu ya 2 na ya 3, SCL na SDA, ambayo hupitisha namba kati ya chipu na mikrokontrola, inahitaji rezista za kuvuta juu. Nilitumia kiloomu 4.7. Anayetumia mikrokontrola ya ESP32 aangalie jambo moja: chipu ikilishwa volti 5, hutaka kuona angalau 3.5 ili isome "juu", na ESP32 hutoa 3.3. Inaweza kuonekana inafanya kazi leo na ikakataa kesho. Mimi nilitumia bodi ya Arduino ya volti 5 nikaepuka suala hilo.

Mwezi ujao mama anafungua kitalu cha pili, na chipu ya pili itakaa kwenye waya zilezile. Zote mbili zimetoka kiwandani na anwani moja, 0x60, yaani namba ambayo mikrokontrola huitumia kuiita chipu, na ili kubadilisha ya mojawapo ni lazima mguu wake wa 4 ushushwe katikati ya amri, kwa wakati uliopangwa, huku wa mwenzake ukibaki juu. Nimeshachora waya wa pili wa LDAC kwenye kibao kipya.