Ninavyowapata grausi wa ukosi kaskazini mwa Minnesota, Marekani

Grausi ni jamii moja na kuku na kwale, lakini kwale wa kwetu hupenda kukimbia kwanza na kuruka baadaye. Huyu hujibana chini mpaka ashindwe kuvumilia, kisha hupasuka kwa kishindo cha mabawa mita tano kutoka miguuni pako, na sekunde mbili baadaye keshapotea nyuma ya miti. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya risasi: kujua amekaa wapi.

Ninayemtafuta ni grausi wa ukosi, Bonasa umbellus. Ana uzito wa nusu kilo na kitu, kishungi kidogo, manyoya meusi yanayotuna shingoni, na mkia wenye utepe mmoja mpana wa rangi nyeusi karibu na ncha. Grausi wa sprusi ni mweusi zaidi, hukaa kwenye misprusi (miti ya majani ya sindano) na misonobari, na haogopi watu. Hutulia tawini akikutazama. Grausi mwenye mkia mchongoko ni wa vichaka vya wazi, na kanuni zake ni tofauti. Jifunze kuwatambua wote watatu kabla ya kushika bunduki.

Kosa linalopoteza siku nzima ni kutembea kila mahali. Msitu mrefu wa zamani, ulio wazi chini, hupendeza macho lakini ndege ni wachache. Mimi hutafuta aspeni, miti inayopukutisha majani, iliyochipua upya baada ya kukatwa yote. Mashina yakiwa na unene wa kifundo cha mkono, na yamebanana kiasi cha kukulazimisha kupita upande-upande, hapo ni pazuri: kipanga hawezi kupenya kwa urahisi. Kwa miaka, hiyo ni kati ya 10 na 25 hivi. Lakini kichaka hicho peke yake hakitoshi. Ndege anahitaji pia aspeni kubwa karibu, kwa sababu wakati wa baridi hula machipukizi yake ya maua; kabla ya theluji hula pia hazeli (kichaka chenye njugu), matunda ya porini na klova, mmea mdogo wa majani matatu, kandokando ya njia. Kwa hiyo navinjari mipaka: aspeni changa inapokutana na bonde la miti ya olda, au na kundi la misprusi. Ramani za misitu ya umma, kama Chippewa National Forest, pamoja na picha za setilaiti, huonyesha maeneo yaliyokatwa. Mvua ikinyesha, nahamia kwenye misprusi ambako ndege hujikinga. Upepo mkali ni siku mbaya. Hawatulii, na wewe huwasikii wakiruka.

Msimu hufunguliwa katikati ya Septemba, ila majani bado ni mengi na unasikia kishindo bila kuona kitu. Siku zangu bora ni kuanzia Oktoba, yakishapukutika. Jioni tulivu yenye jua, ndege hutoka kwenye njia za zamani za magogo kula klova na kuokota changarawe za kusagia chakula.

Bila mbwa, silaha yangu ni kusimama. Natembea hatua kumi au kumi na tano, nasimama nusu dakika. Ndege aliyejibana huvumilia mtu anayepita. Nyayo zikinyamaza hudhani ameonekana, naye huruka. Simama mahali penye nafasi ya kuzungusha mtutu, mguu wa kushoto mbele kama unatumia bega la kulia. Ukisimama katikati ya matawi yaliyobana, ataruka na hutaweza hata kuinua bunduki.

Natumia bunduki nyepesi ya marisawa, geji 20 (kipimo cha upana wa mtutu), choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyo wazi, marisawa namba 7½, gramu 24 hadi 28. Risasi nyingi hupigwa ndani ya mita 25, na choki ya kubana hukosesha au huharibu nyama. Ukikosa, angalia mwelekeo wake wa mwisho. Mara nyingi hutua mita mia moja hivi mbele, akiwa amekunja kona. Mfuate polepole.

Leseni ya wanyama wadogo ni lazima, na aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 anahitaji cheti cha mafunzo ya usalama. Sheria inadai angalau nguo moja ya chungwa au ya waridi inayong'aa juu ya kiuno; mimi huvaa kizibao na kofia. Kikomo ni ndege 5 kwa siku, wa ukosi na wa sprusi kwa pamoja, lakini soma kitabu cha kanuni cha mwaka husika. Beba dira, maana vichaka hivi vinafanana, na jikague kupe ukirudi.

Ndege akianguka, natoa matumbo mara moja ili nyama ipoe. Napasua pia mfuko wa chakula ulio shingoni: ukijaa klova, kesho nafuata njia, ukijaa hazeli, naingia vichakani. Tazama na manyoya ya kiunoni, juu ya mkia: doa moja jeupe kwa kawaida ni jike, mawili au zaidi ni dume.

Kidari ni cheupe na hukauka haraka, kwa hiyo nakikaanga kwa siagi dakika chache tu. Miguu ina kano ngumu. Hiyo naipika polepole kwa tui la nazi, saa moja na nusu, mpaka nyama iachane na mfupa.