Kupanda Lengai ardhi ikitikisika

Ukitoka Arusha kwenda Lengai, mlima wa volkano, kwa barabara ya Dodoma unakata kulia pale Makuyuni, unapita Mto wa Mbu, halafu unaiacha lami na kuanza kula vumbi la Engaruka. Jaza tangi Mto wa Mbu, maana mbele huko mafuta yanauzwa kwenye madumu na bei anapanga mwenye dumu. Tairi za akiba ziwe mbili. Kushoto kwako ukuta wa Bonde la Ufa unakufuata njia nzima, na mvua inayonyesha juu yake inashuka kwa makorongo yanayoikata barabara. Ndiyo maana korongo la huku linaweza kujaa huku wewe uliye chini unachomwa na jua.

Kwenye mojawapo dereva wangu alizima gari. Korongo lilikuwa kavu kabisa, na pikipiki ilikuwa imetoka kulivuka mbele yetu. "Kaka, tusubiri kidogo. Machale yananicheza." Nilipomuuliza ameona nini, hakuwa na jibu la haraka. Tukashuka, tukaanza kutafuta kilichomshtua. Majani mabichi yote yalikuwa chini korongoni, lakini kijana mchungaji alikuwa akiwapandisha mbuzi ukingoni kwa fimbo. Upepo uliotoka magharibi ulileta harufu ya udongo uliolowa. Robo saa baadaye korongo likaanza kushuka povu, vijiti na samadi, na maji yenyewe nyuma yake.

Ukiona povu na takataka vimetangulia, jua maji bado yanapanda. Chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji na ukitazame. Yakishakiacha kijiti pakavu na yakaendelea kurudi nyuma, mtu aingie kwa miguu na fimbo kupima sakafu, kwa sababu mafuriko hayaachi njia pale ilipokuwa. Maji yakizidi nusu ya gurudumu, subirini. Sisi tulikula karanga mpaka yakapungua.

Hivi ndivyo ninavyoyachukulia machale: macho, pua na masikio vimeshaokota kitu, akili bado haijakipa jina. Kwa hiyo kwanza simama, halafu kitafute. Kama kusimama kunakugharimu robo saa tu, hakuna haja ya kubishana na mwili wako. Shida ni kwamba machale hayana ujuzi sawa katika kila hatari, na tetemeko la ardhi ni mojawapo ya mambo yanayoyapiga chenga.

Ngare Sero tulifika jioni. Kijiji kiko kusini mwa Ziwa Natron, Lengai ikiwa upande wa kusini na mlima Gelai upande wa mashariki. Usiku, kama saa 8, nilisikia mngurumo wa lori likija kwa mbali. Barabara ilikuwa tupu. Kisha turubai likatikisika, sufuria zikagongana, mbwa wakabweka, kwisha. Lisingemwamsha mtu aliyechoka.

Mngurumo ule ni wimbi la kwanza, linalosukuma ardhi mbele na nyuma na kusafiri karibu kilomita 6 kwa sekunde. Mtikiso wa pembeni uliofuata ni wimbi la pili, la takriban kilomita 3.5 kwa sekunde. Ukihesabu sekunde kati ya mguso wa kwanza na mtikiso mkubwa, kisha ukazidisha kwa 8, unapata makadirio ya kilomita hadi kwenye chanzo. Hesabu kwa sauti, "mia moja na moja, mia moja na mbili", ndipo mapigo ya moyo yasikuharakishe. Mimi nilifika mbili. Maana yake kilomita 16 hivi, na humo mna kina pia: chanzo chenyewe kinaweza kuwa kilomita kadhaa chini. Upande hesabu haikwambii. Ili kujua upande unahitaji vipimo vitatu vilivyowekwa mahali tofauti, wala si masikio ya mtu aliyelala kwenye turubai.

Wenyeji hapa huanza na swali moja: ni moja, au yanafuatana? Wana sababu. Julai 2007 eneo hili lilianza kutikisika tarehe 12, na likaendelea kwa wiki kadhaa. Kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, lilikuja tarehe 17 jioni. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilikuwa ikijipenyeza chini ya Gelai na kuipasua ardhi bila kutoka nje, na nyufa zikafunguka kwenye mteremko wa kusini wa mlima. Tarehe 4 Septemba Lengai ikalipuka, ikarusha majivu na kuharibu malisho, na vurugu hiyo ikaendelea hadi 2008. Kila namba moja ya ukubwa inaongeza nishati mara 32 hivi, kwa hiyo lile la 5.9 lilibeba zaidi ya mara 20,000 ya tetemeko la ukubwa wa 3 kama linalomwamsha mtu kambini.

Lile la tarehe 17 lilisikika mpaka Nairobi, na watu wa maofisi marefu wakamiminika ngazini. Machale yao yaliona hatari sawasawa, ila yakawaelekeza pabaya. Kwenye ghorofa, ngazi na vioo vya nje ndivyo vya kuogopa wakati jengo linayumba. Ingia chini ya meza imara, shika mguu wake, kinga kichwa na shingo, na utoke mtikiso ukishakoma. Nyumba ya chini iliyojengwa kwa tofali na udongo ni habari nyingine. Ukiwa hatua mbili tatu kutoka mlangoni na nje ni uwanja wazi, toka, kwa sababu kuta nzito zisizofungwa kwa nondo ndizo zinazoua. Bukoba ililiona hilo Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 vilevile, na heri lilikuja alasiri watu wengi wakiwa macho. Nyumba ya Kimaasai ya fito na samadi inacheza na ardhi na mara nyingi inabaki imesimama. Kwenye turubai, kaa ulipo, mradi hukulipiga chini ya jabali wala ukingoni mwa korongo.

Baada ya tetemeko moja mwili unaharibika kama kipimo. Upepo ukigusa kamba, unaruka. Mwenzako akijigeuza, unaruka. Dawa yake ni rahisi: ning'iniza chupa ya maji kwa uzi katikati ya turubai, mbali na upepo, na umulike kwa tochi kila unaposhtuka. Chupa ikiwa imetulia, kilichotikisika ni wewe. Na kukosa tetemeko nako kusikulaze usingizi wa pono. Goma mwaka 2021 mambo yalikwenda kinyume: volkano ya Nyiragongo ilitoa lava jioni ya tarehe 22 Mei bila onyo la maana, na matetemeko yaliyowatoa watu majumbani yakaja siku zilizofuata, magma ikisogea chini ya jiji kuelekea Ziwa Kivu.

Usiku uliofuata tulianza kupanda saa 5. Lengai hupandwa usiku kwa sababu ya joto: hakuna kivuli, na mchana majivu yanawaka. Beba lita 4 za maji kwa kila mtu, tochi ya kichwani na betri za ziada, glavu ngumu, kofia ngumu, na kitambaa cha pua. Kilele kiko karibu mita 2,960. Mteremko wa juu unafika nyuzi 45, na njia inafuata mifereji iliyochimbwa na maji. Mifereji hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kreta, lile shimo la kileleni. Tetemeko dogo lisiloangusha hata kikombe linaweza kulegeza jiwe lililokuwa limeegemea majivu, na jiwe hilo likashuka saa nyingi baadaye, hewa ikiwa shwari.

Kama saa 7 kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai, alisimama ghafla kwenye mdomo wa mfereji. Akazima tochi na kusikiliza. Kisha akainama, akalipindua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto na kulimulika chini. Majani yaliyolaliwa yalikuwa bado ya kijani, yamepondeka na kutoa utomvu. Akalipindua la pili. Hilo majani yake yalikuwa ya njano, bapa. La tatu, kijani tena.

"Mzee, haya yameshuka jana au leo," akaniambia. "Tunarudi."

Mgeni mmoja wa kikundi kingine alikasirika, akasema amelipia kilele. Sikuona cha kubishana: mawe mawili mapya kati ya matatu, gizani, kwenye mfereji ambao mtu hawezi kukwepa kushoto wala kulia. Tukashuka.

Asubuhi kiongozi wetu na wenzake waliuangalia mfereji kwa darubini kutoka chini, wakachagua mgongo wa mlima ulio pembeni, na usiku tukapita huko. Ni mrefu zaidi na unachosha magoti, lakini jiwe likija linakatia bondeni. Tulipeana nafasi ili wawili wasiwe mmoja juu ya mwingine kwenye mstari wa kuporomoka. Anayegusa jiwe likaondoka anapiga kelele "jiwe!", na aliye chini anasogea pembeni bila kugeuka kulitazama.

Juu, kiongozi aliweka fimbo chini mita kadhaa kabla ya ukingo na kutukataza kuivuka. Tangu mlipuko wa 2007 kreta ni shimo lenye kuta za wima zinazomeguka, na hata tetemeko dogo linaweza kumega kipande. Chini kabisa lava nyeusi ilikuwa ikitapika kidogo kidogo. Ina joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava ya kawaida, na ikishaguswa na unyevu hubadilika kuwa nyeupe. Tulikaa nusu saa, tukaanza kushuka kabla jua halijawa kali.

Kule kambini niliandika taarifa ya lile tetemeko la usiku wa kwanza kwa ajili ya wataalamu wa jiolojia wa Dodoma: saa na dakika kwa saa ya simu, jina la kijiji, nilikuwa nimelala chini ndani ya turubai, mngurumo ulitangulia, sekunde mbili, sufuria ziligongana ila hakuna kilichoanguka, mbwa walibweka baada na si kabla. Ukubwa sikuukisia. Huo wanaupata kwenye mashine zao. Wanachokosa ni sufuria na mbwa.