Koli wetu na joto la Mtwara: jinsi nilivyompoza

Mbwa wetu wa aina ya koli alikuwa anahema ulimi nje tangu saa tatu asubuhi. Sikushangaa sana. Asili yake ni kuchunga kondoo kwenye baridi ya Scotland. Sisi tuko Shangani, ambako Desemba hata kuku hutafuta kivuli. Jirani akanishauri, "Baba Rehema, wewe mnyoe tu." Nikashika mkasi. Bahati daktari wa mifugo akaniwahi: manyoya yale humkinga na jua, ukiyanyoa ngozi inaungua.

Tatizo lilikuwa manyoya laini ya chini, yameshikana nyuma ya masikio na mapajani kama sufi ya mto wa zamani. Nilimlaza chini ya mwembe nikachambua kwa vidole, kisha kwa chanuo la chuma, siku tatu. Nikajaza kiroba kizima!

Sasa tunatembea ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, na akitoka baharini namsuuza chumvi kwa maji baridi. Kuhusu kupe, usikubali achomwe sindano ya ivermectin ya ng'ombe: koli wengi wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo.

Juzi kawaswaga watoto wote wa mtaa hadi kibarazani kwetu. Hilo sijalitibu, wala sina haraka nalo.