Aising ya biskuti za tangawizi ilikuwa haikauki, sasa inakauka

Huku Pwani unyevu ukizidi aising, ule urembo wa sukari wa juu ya biskuti, inanata mpaka kesho yake, ukizipanga biskuti kwenye kopo zinagandana zote. Kilichosaidia ni kuachana na sukari ya unga ya kukoroga na maji, sasa hivi natumia ute wa yai moja kwa gramu 200 hivi za hiyo hiyo sukari ya unga iliyochekechwa, ndimu matone tu, napiga mpaka nikiinua mwiko kile kincha kinasimama chenyewe. Biskuti zipoe kabisa kwanza maana ule mvuke wake ndo unailainisha aising kwa chini. Halafu feni, yaani feni ndo kila kitu, friji sahau, ukizitoa tu zinatoka jasho. Iliki na mdalasini vinakaa kwenye unga, aising naiacha nyeupe. Anayeogopa yai bichi atumie ute wa yai wa unga uliopasteurishwa, yaani uliopashwa moto kuua vijidudu.